Mitoki ya kwapa, slaidi na kipimo cha molekula: venye unaweza kujipanga kabla uingie thieta

Shangazi yangu alinipigia Jumanne moja jioni nikiwa ndani ya matatu ya Githurai, muziki juu, makanga anagonga bodi, akaniuliza na ile sauti yake ya sokoni, "Mwanangu, hii DNA ya kwapa ni nini?" Unajua hapa Nairobi ukitaja DNA watu wote wanafikiria baba ya mtoto, mama aliyekuwa amekaa kando yangu aligeuka akaniangalia kuanzia kichwa hadi viatu. Kumbe kuna mama wa kanisa yao ana binti anaishi Uhispania, huyo binti alipatikana na saratani ya titi, akapasuliwa, na kabla hata hajashonwa madaktari walikuwa washajua kama ugonjwa umefika kwa mitoki ya kwapa ama la. Shangazi naye tarehe yake ya opresheni ilikuwa imebaki wiki mbili, na ameambiwa majibu ya mitoki yake atangojea wiki mbili zingine baada ya hapo. "Kwani yangu inapimwa na nini, vidole?"

Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu miaka mingi imekuwa kuchukua kile daktari ametoa mwilini, kukikata, kukiweka kwa nta, kukichonga nyembamba na kutengeneza slaidi, kile kioo cha darubini, ya patholojisti, yule daktari anayesoma magonjwa kwa darubini. Kwa hivyo nilimwandikia kila kitu kwa wasap, ikawa ndefu, akaituma kwa kikundi chao cha akina mama, sasa nimeulizwa na watu wengi hadi nimeona niiandike vizuri mara moja. Kama una mtu anaenda kutolewa titi ama uvimbe, soma hii kabla ya tarehe, maana mambo mengi hapa ukiyajua baada ya opresheni ushachelewa.

Kwanza elewa soja wa geti

Maji ya mwili, ile limfu, yanatoka kwa titi kupitia vimirija vidogo sana na mengi yanaelekea kwapani. Huko kuna tezi, hizo ndio wazee wetu wanaita mitoki zikivimba. Hazipokei maji zote kwa wakati mmoja. Kuna moja, mbili, mara nyingine tatu, ambazo ndizo zinapokea kwanza, kama soja wa geti wa ploti, mgeni yeyote lazima apite kwake kabla afike kwa milango ya ndani. Seli za saratani zikitoroka kutoka kwa titi, huyo soja ndiye wa kwanza kukutana nazo. Ukimkamata soja ukampekua na umkute safi, uwezekano wa tezi za nyuma yake kuwa na kitu ni mdogo, hauna haja ya kung'oa tezi za kwapa nzima.

Kumpata, daktari anadunga dawa ya rangi karibu na chuchu, anasugua sugua titi dakika chache, kisha anafungua kashimo kwapani na kutafuta tezi iliyogeuka bluu. Hospitali zingine zinatumia dawa yenye mionzi kidogo, teknishiamu 99m, halafu wanapitisha kakifaa kanakolia kakikaribia tezi. Zingine zinatumia rangi ya kijani inayong'aa chini ya kamera maalum. Hapa kwetu ile ya bluu, methilini bluu, ndio utaikuta sana kwa sababu bei yake iko chini na haihitaji mashine. Na hapa wacha nikuambie kitu watu husahau kuambiwa: ukiamka utakojoa kijani ama bluu, siku moja au mbili. Shangazi nilimwambia mapema na bado alinipigia saa kumi usiku. Pia kama unameza dawa za mfadhaiko, au uliwahi kuambiwa una upungufu wa G6PD, au una mimba, sema kabla, hiyo methilini bluu inagombana na hizo hali.

Hii ya soja ni ya mtu ambaye kwapa yake haina uvimbe unaoshikika. Kama mtoki unajitokeza tayari, njia ni altrasaundi ya kwapa na kudungwa sindano ijulikane ni nini kabla ya kisu, na Wakenya wengi tunafika hospitali tukiwa kwa hiyo hali. Na usidhani kila mtoki ni saratani. Kifua kikuu kinapenda tezi sana, VVU inavimbisha, hata kidonda cha mkono kinaweza. Nimeona slaidi ya mama aliyelia wiki nzima kumbe ni TB, akaanza dawa zake na kwapa ikarudi chini.

Mkate wenye zabibu moja

Sasa soja ameshatolewa, tunampekua aje? Njia ya kawaida ni hii yangu ya slaidi na ni njia nzuri, lakini elewa mipaka yake. Chukua mkate wenye zabibu moja imefichwa ndani, ukate vipande vitano, halafu uangalie tu uso wa kila kipande. Zabibu ikiwa kubwa lazima kisu kiigonge. Ikiwa punje, inaweza kukaa katikati ya kipande na usiione kamwe.

Tezi ya sentimita moja ni milimita 10. Tunaikata kila milimita 2, tunapata vipande vitano. Kutoka kwa uso wa kila kipande tunachonga utepe mwembamba wa kama mikroni 4, na milimita moja ina mikroni 1,000. Piga hesabu: vipande 5 mara mikroni 4 ni mikroni 20, katika tezi yenye mikroni 10,000. Patholojisti ameangalia sehemu moja kwa 500. Zingine zote bado ziko kwa nta kwenye rafu. Huo si uzembe, vipimo vya milimita 2 vimechaguliwa makusudi ili donge lolote linalozidi milimita 2 lisipite, na hilo ndilo limejulikana muda mrefu kuwa na maana kwa matibabu. Tukitaka kutafuta vidogo zaidi tunashuka chini kwenye bloku, kile kipande cha nta kilichoshika tezi, tunachonga tena, tunapaka ile rangi ya kingamwili inayogeuza seli za saratani kahawia. Hiyo inakula siku na inakula pesa.

Kuna pia ile ya haraka, tezi inagandishwa na barafu kali ukiwa bado umelala mezani, inachongwa, inaangaliwa, daktari anapigiwa simu thieta. Inasaidia kwa madonge makubwa. Kwa vichembe vidogo inapita nyingi tu, na kila unachokichonga kwa haraka unakipoteza, kwa hivyo mimi huwa sina mapenzi nayo sana.

Ile mashine ya binti wa Uhispania

Kipimo chake ni cha molekula, kinaitwa OSNA, kimetengenezwa na Sysmex, kampuni ya Kobe huko Japani, na watafiti walikichapisha kwa mara ya kwanza 2007. Kama unajua GeneXpert, ile mashine ya TB iko kwa hospitali nyingi za serikali, wazo ni la ukoo huo huo: badala ya kuangalia mdudu kwa macho unatafuta maandishi yake ya ndani na kuyatoa kopi hadi yaonekane.

Tezi nzima inatolewa mafuta ya pembeni, inapimwa uzito, inasagwa ndani ya maji maalum ya asidi mpaka inakuwa uji. Ndio, inasagwa kama nyanya kwa blenda. Tone la huo uji linachanganywa na dawa na kupashwa moto nyuzi 65 tu, haipandi na kushuka kama PCR tuliyoizoea wakati wa korona. Kinachotafutwa ni ujumbe wa RNA wa protini moja, saitokeratini 19, kwa kifupi CK19. Seli za mirija ya maziwa wanayo, saratani nyingi za titi wanayo, lakini tezi ya limfu yenyewe haina kazi nayo. Ikipatikana hapo ujue kuna mgeni. Kopi zikiongezeka yale maji yanakuwa na ukungu, kama maji ya kwanza ya kuosha mchele, na mashine inahesabu yamechukua dakika ngapi kubadilika. Wageni wakiwa wengi yanabadilika haraka.

Jibu linakuja kama namba, kopi ngapi kwa mikrolita moja. Chini ya 250 ni hasi. Kuanzia 250 hadi 5,000 inaandikwa plasi moja, hiyo inalingana na kichembe kidogo. Zaidi ya 5,000 ni plasi mbili, hilo ni donge la kuhesabika. Yote dakika 30 hadi 40 hivi, ndio maana yule binti alijulikana hali yake akiwa amelala. Wamarekani nao walikuwa na yao inaitwa GeneSearch, FDA, shirika lao la kuidhinisha dawa na vipimo, ikaipitisha Julai 2007, hiyo iliangalia CK19 pamoja na mamaglobini, protini nyingine ya titi, lakini baadaye ikatolewa sokoni. Uingereza, shirika la NICE, linaloshauri hospitali zao kuhusu matibabu, lilisema 2013 kwamba OSNA ya tezi nzima inaweza kutumika wakati wa opresheni.

Inasikika tamu, nami nikiwa mtu wa maabara naipenda, inapekua soja mzima badala ya sehemu moja kwa 500. Lakini ukishasaga umesaga. Hakuna slaidi ya kurudia, hakuna mtu wa pili wa kuangalia, huwezi kuona kama donge limepasua ngozi ya tezi na kutoka nje. Saratani chache hazina CK19, hizo zitapita kimya, ndiyo maana maabara makini huangalia kwanza kwa biopsi ya titi, ile nyama ndogo iliyochukuliwa kabla ya opresheni, kama CK19 iko. Kisu kikichafuka na seli za titi kwa njia, kipimo kitaita soja mwizi bure. Na hapa kwetu nina wasiwasi mwingine, mashine ikisaga tezi yenye TB ama limfoma, saratani ya tezi zenyewe, haitakuambia chochote, itasema hasi tu na utaenda nyumbani, wakati jicho la patholojisti lingeshtuka mara moja.

Maswali ya kuenda nayo kliniki

Andika kwa karatasi, kwa sababu ukikaa mbele ya daktari na foleni iko mlangoni utasahau hata jina lako. La kwanza: mimi nitatolewa tezi ya soja peke yake ama kwapa nzima, na kwa nini. La pili: tezi yangu itapimwa na njia gani, ya barafu nikiwa mezani, ya slaidi baadaye, ama ya molekula. La tatu, na hili ndilo watu wanaliruka: ikipatikana kitu nikiwa bado nimelala, mtafanya nini? Maana ile fomu ya ridhaa unayosukumiwa asubuhi ukiwa umefunga na baridi imekushika, inaweza kuwa imeandikwa daktari ana ruhusa ya kutoa tezi zote akiona inafaa. Soma hapo. Ukitaka kuamka kwanza uongee ndio wakupasue tena, una haki ya kusema hivyo na iandikwe.

Nilimfundisha shangazi aseme hivi: "Daktari, kama ni kidogo naomba muniamshe kwanza tuongee." Ati daktari alicheka akamwambia sawa mama, na akaandika.

La nne linaonekana dogo na ndilo limeniumiza roho mara nyingi zaidi: nani anabeba tezi yangu kutoka thieta, inaenda maabara gani, imewekwa ndani ya nini?

Wacha nikueleze kwa nini. Kuna siku tuliletewa sampuli na msichana wa kama miaka 20, ametoka hospitali moja upande ule mwingine wa mji na matatu mbili, kupasuliwa kulikuwa saa mbili asubuhi na sasa ni saa tisa na nusu. Amebeba chupa ya mayonezi, lebo imebanduliwa nusu, ndani kuna tezi mbili zimefungwa na gozi, zimekauka pembeni, hakuna tone la fomalini, ile dawa ya kuzuia tishu isioze. Jina limeandikwa na biro kwa plasta juu ya kifuniko. Kifuniko! Ukifungua chupa tano pamoja na vifuniko vikichanganyika umekwisha. Nilizichukua, nikazishughulikia, lakini zilikuwa zishaanza kuoza, kingo za seli zimeyeyuka, patholojisti akaandika haiwezekani kusema kwa uhakika. Huyo msichana alikaa kwa benchi yetu na kuniuliza kama angekimbia angesaidia. Sikuwa na la kumjibu, kosa halikuwa lake, mtu mzima mwenye koti jeupe alimpa mzigo bila kumwambia saa inakimbia.

Kwa hivyo fanya hivi. Siku moja kabla, mtu wenu apitie maabara itakayopima, aombe kontena yenye fomalini tayari pamoja na fomu. Fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, na iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa tishu, tezi ielee kama samaki isikae kama chapati kwa sahani. Tishu iingie humo ndani ya saa moja tangu itoke mwilini. Ikae kati ya saa 6 na saa 72 kabla ya kuendelea, nje ya hapo vile vipimo vya homoni na HER2, vya kuchagua dawa ya saratani yako, vinaanza kudanganya, kwa hivyo opresheni ya Ijumaa jioni uliza nani yuko maabara wikendi. Jina, namba ya faili, upande wa kushoto au kulia, na saa iliyotolewa, vyote viandikwe ubavuni mwa kontena, na tezi ya kwanza na ya pili ziwe kontena tofauti. Usiweke kwa chupa ya soda hata kwa dakika moja, fomalini ni sumu na nyumba zetu zina watoto.

Sasa kama kuna mpango wa kipimo cha molekula kama OSNA, geuza hayo yote: hakuna fomalini kabisa. RNA inaharibika upesi, na fomalini inaifunga isisomeke na hiyo mashine. Tezi inataka kufika mbichi kwa maabara iliyo karibu na thieta isagwe mara moja, ama igandishwe nyuzi 80 chini ya sifuri. Unaona sasa kwa nini nasema uliza kabla? Tezi ikishatumbukia kwa fomalini hakuna anayeweza kurudi nyuma, hata uwe na pesa za kuipeleka popote duniani.

Ripoti ikitoka usikimbilie neno la mwisho

Watu wanapiga picha ripoti na kuiuliza intaneti, wanasoma "metastasi", yaani saratani imesambaa, na wanaanza kupanga mazishi. Tafuta herufi pN, hizo ndizo zinasema hali ya tezi. pN0 ni hakuna kitu. pN0(i+) ni seli chache zimetawanyika, hazifiki milimita 0.2 wala seli 200. pN0(mol+) maana yake slaidi ni safi lakini kipimo cha molekula kimesema kuna ujumbe, na angalia vizuri, bado inaanza na sifuri, yaani mfumo wa dunia wa kupanga steji unakuhesabu kama mtu ambaye tezi zake hazina ugonjwa. pN1mi ni kichembe kati ya milimita 0.2 na 2. pN1a ni tezi moja hadi tatu na angalau moja ina donge linalozidi milimita 2. Tezi 4 hadi 9 inakuwa pN2, 10 kuendelea pN3. Ukiona (sn) pembeni, hiyo ni kukuambia ni soja peke yake alipekuliwa.

Halafu kuna ile mchanganyiko ya majina. Mtu atakuambia amefanyiwa kipimo cha jeni, akimaanisha Oncotype ya jeni 21 ama MammaPrint ya jeni 70. Hizo zinapima uvimbe wenyewe wa titi, zinasaidia kuamua kama kemo inahitajika. Haziambii chochote kama kuna seli zimejificha kwa tezi. Usilipie moja ukidhani umelipia nyingine.

Sasa swali kubwa, wakipata kichembe ufanye nini? Hapa ndio maoni yangu yako wazi: kupata zaidi si lazima kukata zaidi. Kuna utafiti wa Marekani, B-32, walirudi kwa bloku za wanawake ambao tezi za soja zilikuwa zimesemwa ni safi, wakachonga chini zaidi, wakapata vichembe vilivyofichika kwa asilimia 15.9. Inatisha eh? Lakini baada ya miaka mitano waliokuwa hai ni asilimia 94.6 kwa wenye vichembe na 95.8 kwa wasio navyo. Tofauti ni nukta moja na kidogo. Halafu kuna utafiti mwingine, Z0011, wanawake 891 wenye uvimbe usiozidi sentimita 5 na tezi moja au mbili za soja zikiwa na ugonjwa, wote walitolewa uvimbe tu na kupigwa mionzi titi nzima, nusu wakatolewa kwapa na nusu wakaachwa. Miaka kumi baadaye walioachiwa kwapa yao, asilimia 86.3 walikuwa hai, waliotolewa ni 83.6. Na kwa vichembe vidogo hasa, ule utafiti wa IBCSG 23-01 wa 2013 ulionyesha kuacha kwapa hakukuleta madhara.

Kwa nini nashikilia hii? Kwa sababu ya mkono. Shangazi anauza mitumba Gikomba, anafungua bale, anabeba, anakung'uta, mkono wa kulia ndio unalisha nyumba na ndio upande ulikuwa na ugonjwa. Ukitolewa kwapa nzima, karibu mmoja kwa kila watano anapata mkono wa kuvimba, ule wa maji usioisha, nguo haziingii, pete haitoki. Ukitolewa soja peke yake ni kama 5 au 6 kwa 100. Sasa mpasue mtu kwapa kwa sababu mashine imeona kopi 300 halafu umwambie asibebe bale maisha yake yote?

Lakini usichukue hizi hesabu kama zako bila kuuliza. Kama ulianza na kemo kabla ya opresheni, kichembe kilichobaki kwa tezi kina uzito tofauti, kimenusurika dawa, madaktari wanakichukulia kwa uzito hata kikiwa kidogo. Kama titi limetolewa lote na hutapigwa mionzi, Z0011 haikukuongelea. Ndio maana uombe kesi yako ipelekwe kwa ule mkutano wa madaktari wote pamoja, wa upasuaji, wa kemo, wa mionzi na patholojisti. Hospitali kubwa za hapa wanao kila wiki. Uliza siku gani, na uliza kama jina lako liko kwa orodha.

Pesa na bloku

SHA, bima ya afya ya serikali, kwa saratani inataka idhini kabla, na kikomo ni cha familia nzima kwa mwaka, kwa hivyo hakikisha michango ya mwaka imelipwa na uliza kama patholojia iko ndani ya bei ya opresheni ama inakuja na bili yake. Mara nyingi inakuja na yake, na rangi za kingamwili zinahesabiwa moja moja.

Na bloku zako za nta ni mali yenye maana, hata kuliko ripoti. Ukihama kutoka hospitali ya Upper Hill kwenda kutibiwa Kahawa ama Parklands, watataka kuangalia wenyewe. Enda maabara na kitambulisho, uombe bloku na slaidi, utie sahihi, ubebe kwa kiboksi kigumu, zisikae kwa dirisha la matatu jua likiwaka maana nta inayeyuka. Ukimaliza zirudishe.

Shangazi alitolewa tezi mbili za bluu. Mimi mwenyewe sikuzigusa, nilikataa, mkono ungetetemeka. Zilipimwa kwa slaidi na rangi ya kingamwili, siku kumi na moja. Moja safi, nyingine kichembe cha milimita 0.8, pN1mi(sn). Mkutano ukakaa, wakasema kwapa iachwe, apigwe mionzi na ameze dawa ya homoni. Nilienda kumweleza kibandani kwake, amekaa juu ya bale, mkono umefungwa kitambaa ili akumbuke kutobeba. Nikamchorea tezi nyuma ya risiti.

"Kwa hivyo soja alilala kazini?"

"Alisinzia kidogo tu, shangazi."

"Hapa Gikomba angefutwa," akasema, akamwita kijana amfungulie bale.